Mfuko wa Pauni Tano

Asubuhi ya tarehe 25 Aprili 2007 watu walijipanga foleni mbele ya maduka ya Sainsbury's, Uingereza, kabla milango haijafunguliwa. Hawakuwa wakigombea mkate wala sukari ya mgao. Walitaka mfuko wa kubebea vitu vya dukani: kitambaa cha pamba rangi ya maziwa, mishikio miwili ya kamba, na ubavuni maandishi makubwa yanayosema kwa Kiingereza kwamba huu si mfuko wa plastiki. Bei yake ilikuwa pauni 5. Nchi nzima ilipelekewa mifuko 20,000, na asubuhi hiyohiyo ikaisha. Haikupita muda walanguzi wakaianika eBay, na mingine ikavuka pauni 200.

Aliyeubuni ni Anya Hindmarch, mwanamke wa London ambaye mikoba yake ya kawaida huuzwa kwa mamia ya pauni. Alifuatwa na kikundi kilichoitwa We Are What We Do, ambacho kilikuwa na kazi ya kuwashawishi watu wabadili mambo madogo ya kila siku. La kwanza kwenye orodha yao lilikuwa kukataa mfuko wa plastiki dukani. Hotuba juu ya jambo hilo zilikuwa zimeshatolewa nyingi. Hindmarch alikuwa na kitu ambacho hotuba hazina. Alijua namna ya kumfanya mtu atamani begani pake kile alichokiona begani pa mwenzake. Mwigizaji Keira Knightley akapigwa picha akiwa na mfuko ule, na kazi ikawa imekwisha kabla duka halijafungua. Ulipofika Taipei miezi michache baadaye watu walikanyagana wakiugombea, na baadhi yao wakakimbizwa hospitali.

Magazeti ya London hayakukaa kimya. Yaligundua kwamba mfuko ulishonwa China, na kwamba pamba yake haikulimwa kwa njia asilia wala haikununuliwa kwa utaratibu wa biashara ya haki. Mimi naona hoja ya China ilikuwa nyepesi, maana vitu vingi madukani wakati ule vilitoka huko. Hoja ya pamba ndiyo nzito. Mfuko mwepesi wa plastiki una uzito wa gramu chache tu na hutengenezwa kwa sekunde. Pamba inataka shamba, maji, mbolea, dawa ya wadudu, kiwanda cha nyuzi na cherehani. Mwaka 2011 Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha hesabu iliyosema kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ndipo ulingane, kwa upande wa joto la dunia, na mfuko wa plastiki uliotumika mara moja ukatupwa. Wadenmark walirudia hesabu kama hiyo mwaka 2018 wakiongeza madhara mengine, na wakafika kwenye mara 7,100. Anayekwenda sokoni kila Jumamosi na mfuko huohuo atahitaji zaidi ya miaka 130.

Hesabu hizi zina kasoro ambayo wenye viwanda vya plastiki hawapendi kuitaja. Zinapima moshi, maji na kemikali, lakini hazipimi mfuko ulioziba mtaro wa Jangwani, Dar es Salaam, wakati wa mvua za masika, wala ule ulioko tumboni mwa kasa. Ukipima hayo, pamba inarudi juu. Kwa hiyo simlaumu Hindmarch kwa pamba yake. Ninachokitilia shaka ni ile 20,000. Wakati ule Waingereza walikuwa wakipewa bure mifuko ya plastiki zaidi ya bilioni 10 kwa mwaka. Kwa kila mfuko mmoja wa Hindmarch kulikuwa na nusu milioni ya ile mingine. Tena mfuko ule ulitamaniwa kwa sababu ulikuwa mchache. Angeshona milioni 20, nani angeamka alfajiri kuupangia foleni?

Hapo ndipo kitendawili cha bidhaa za aina hii kilipo. Tatizo la mazingira linatokana na wingi, na chapa inapoungana na msanii inauza uchache.

Siku sita baada ya foleni zile, tarehe 1 Mei 2007, mji mdogo wa Modbury kule Devon uliacha mifuko ya plastiki. Rebecca Hosking, mpigapicha za filamu za wanyamapori, alikuwa amerudi kutoka visiwa vya Pasifiki alikowaona ndege wa baharini wakifa na plastiki tumboni. Akawaita wenye maduka wa mji wake, watu 43, akawaonyesha filamu, nao wakakubaliana kwamba hakuna atakayetoa mfuko tena. Hakukuwa na foleni. Mteja wa Modbury hakuwa na haja ya kutamani chochote, kwa sababu alipofika kaunta hakuukuta ule wa plastiki.

Nchi nzima ilichukua miaka minane zaidi kufika huko. Oktoba 2015 maduka makubwa ya England yalilazimishwa kutoza peni 5 kwa kila mfuko, Wales ikiwa imetangulia mwaka 2011. Peni 5 ni pesa ambayo Mwingereza akiiangusha barabarani hainami kuiokota. Lakini mtu aliyezoea kupewa bure hukasirika akidaiwa hata hiyo, na katika maduka makubwa mifuko hiyo ilipungua kwa zaidi ya asilimia 95.

Msomaji wa Dar es Salaam, Kigali au Mombasa anaweza kuwa ameanza kutabasamu. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, yaani kabla Hindmarch hajashona wake. Rwanda ikafuata kwa sheria ya mwaka 2008, na anayeshuka uwanja wa ndege wa Kigali anaulizwa mfuko alionao mkononi. Kenya ilijaribu mara mbili ikashindwa, kisha tarehe 28 Agosti 2017 ikafanya kweli: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne kwa anayetengeneza au kuingiza. Tanzania Bara ilisubiri hadi tarehe 1 Juni 2019, na watu wakaaga mifuko ya rambo wakaanza kuzoea mifuko mbadala, ile ya kitambaa chepesi inayouzwa kila kona.

Kwenye habari ya Kenya kuna msanii, ingawa hakushirikiana na chapa yoyote. James Wakibia ni mpigapicha wa Nakuru. Alikuwa akipita karibu na jaa la Gioto, akaanza kupiga picha za plastiki zilizotapakaa barabarani, kisha akazisambaza mtandaoni akidai marufuku. Hakuuza fulana wala kikombe. Picha zake zilizunguka hadi zikaungwa mkono na Waziri wa Mazingira wa wakati huo, Judi Wakhungu, ambaye ndiye aliyetia saini tangazo la marufuku. Ukiniuliza ni kazi ipi ya sanaa iliyopunguza plastiki nyingi zaidi, ule mfuko wa pauni 5 au zile picha za simu na kamera za Nakuru, nitakujibu bila kusita.

Uchache wenyewe, hata hivyo, umewahi kutumiwa kwa akili. Lacoste ni kampuni ya Ufaransa inayojulikana kwa mamba mdogo wa kijani kifuani. Mamba huyo alichorwa na msanii Robert George kwa ajili ya rafiki yake, mcheza tenisi René Lacoste, na tangu mwaka 1933 hakuwa amewahi kukosekana kwenye fulana zake. Mwaka 2018, wakati wa maonyesho ya mitindo ya Paris, kampuni ilimwondoa. Mahali pake ikaweka wanyama kumi walio karibu kutoweka, kwa ushirikiano na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile. Fulana za kila mnyama zilitengenezwa kwa idadi ya wanyama waliobaki porini. Kifaru wa Java, fulana 67. Kasuku wa New Zealand asiyeruka, aitwaye kakapo, 157. Chui milia wa Sumatra, 350. Vaquita, nyangumi mdogo wa Ghuba ya California, fulana 30 tu. Jumla zilikuwa 1,775, kila moja kwa euro 150, na zikanunuliwa mara moja.

Naipenda kazi hii kuliko nyingi za aina yake. Takwimu ambayo kwenye ripoti ungeipita kwa macho, hapa unaikuta dukani: unataka fulana ya vaquita, unaambiwa zimekwisha, nawe papo hapo unaelewa maana ya 30. Walakini kuna jambo linanikera ndani yake. Fulana inayotamanisha kuliko zote ni ile ya mnyama aliyebaki mchache kuliko wote. Ndiyo hesabu ileile inayopandisha bei ya pembe ya faru kadiri faru wanavyopungua. Vaquita mwenyewe hawindwi na mtu. Anafia kwenye nyavu za jarife zinazotegewa samaki mwingine, totoaba, ambaye kibofu chake cha hewa huuzwa China kwa bei ya kutisha kwa sababu ni adimu. Mexico ilipiga marufuku nyavu hizo moja kwa moja mwaka 2017, lakini baharini usiku hakuna kaunta ambayo mkaguzi anaweza kusimama mbele yake. Vaquita wameendelea kupungua, na fulana zimo kabatini.

Nyavu za jarife zilizaa bidhaa nyingine iliyopata jina. Mwaka 2015 meli ya Thunder, iliyokuwa ikivua samaki kwa wizi katika bahari za kusini, ilifukuzwa na wanaharakati wa Sea Shepherd kwa siku 110 hadi ikazama karibu na São Tomé mwezi Aprili. Meli yao ya pili ilikuwa imebaki nyuma ikiopoa nyavu ambazo majangili walizitelekeza, kilomita 72 za nyavu. Juni mwaka uleule Adidas, wakishirikiana na Parley for the Oceans, taasisi iliyoanzishwa na mbunifu Cyrill Gutsch, walionyesha Umoja wa Mataifa mjini New York kiatu ambacho sehemu yake ya juu ilisukwa kwa nyuzi za nyavu hizo. Kilichorwa na Alexander Taylor wa London, na mistari ya kijani iliyokikatiza ilikuwa rangi ya wavu wenyewe.

Ushahidi wa uhalifu unaoweza kuvaliwa mguuni: sijui mwandishi wa matangazo angeomba nini zaidi. Ila kiatu kile kilikuwa cha maonyesho. Kilichofika madukani Novemba 2016, jozi 7,000 kwa dola 220, kilitengenezwa zaidi kwa chupa za plastiki zilizookotwa fukwe za Maldives. Kisha jozi zikawa milioni moja, baadaye mamilioni. Uchache ukawa umeachwa, na hilo ni jema kwa upande mmoja, kwa sababu sasa kuna watu wanaolipwa kuokota chupa kabla hazijaingia majini. Kwa upande wa pili, chupa inaweza kuyeyushwa ikawa chupa tena mara kadhaa. Ikiwa kiatu, ikagandishwa kwa gundi na soli ya mpira, safari yake imeishia hapo; kikichakaa kinakwenda jaani. Na hakuna aliyetoka dukani na kiatu kile akiwa amepunguza idadi ya viatu duniani.

Wingi wenyewe nao una vituko vyake. Mwishoni mwa mwaka 2011 Coca-Cola ilifanya jambo ambalo haikuwa imewahi kulifanya kwa soda yake kuu: ilibadilisha kopo jekundu likawa jeupe, limechorwa dubu wa barafu na watoto wake, ili kuchangia hifadhi ya makazi yao huko Aktiki kupitia WWF, shirika la kimataifa la uhifadhi wa wanyamapori. Makopo yaliyopangwa kutolewa Marekani na Kanada yalikuwa bilioni 1.4. Kampuni iliahidi dola milioni 2, pamoja na kulinganisha michango ya wateja hadi dola milioni moja zaidi. Gawanya mwenyewe: milioni 3 kwa makopo bilioni 1.4 ni takriban sehemu moja ya tano ya senti kwa kopo, na hiyo ni ukijumlisha kila kitu. Hata hivyo kampeni haikuangushwa na wenye kupiga hesabu kama mimi. Iliangushwa na wateja waliodhani kopo jeupe ni soda isiyo na sukari, ambayo kopo lake ni la rangi ya fedha, na wengine waliapa kwamba ladha imebadilika. Kabla mwaka haujaisha makopo mekundu yakarudishwa.

WWF ina uzoefu mrefu wa kuweka picha kwenye bidhaa. Panda wa nembo yake alichorwa mwaka 1961 na Peter Scott, mchoraji wa ndege wa porini na mmoja wa waasisi wa shirika. Alichagua panda kwa uzuri wake, naye alikuwa pia mtu wa kubana matumizi: mnyama mweupe na mweusi huchapwa kwa wino wa rangi moja. Mwezi uleule shirika lilipozaliwa rasmi, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alikuwa akitoa Arusha tamko lake kuhusu wanyamapori wa Tanganyika. Panda amesafiri mbali tangu hapo, na amebandikwa juu ya vitu vingi ambavyo panda wa kweli asingevitambua.

Kituo kimojawapo alichofika ni Kiunga, kaskazini kabisa mwa pwani ya Kenya, jirani na mpaka wa Somalia. Wenyeji ni Wabajuni, wavuvi kwa asili. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ni mahali ambapo kasa hupanda kutaga, na ambapo mkondo wa Bahari ya Hindi hutua mizigo yake. Kusi ikivuma, na hata kaskazi, kinachojaa mchangani ni kandambili: za bluu, za pinki, za mguu mmoja mmoja, zilizochanwa na samaki na zilizoota kome. Nyingi hazikuvaliwa Kenya kamwe. Zimetoka nchi za ng'ambo ya bahari zikielea.

Mwaka 1997 Julie Church, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliwaona watoto wakizichonga kandambili hizo kuwa vidude vya kuchezea. Ubunifu ulikuwa wa watoto. Alichofanya yeye ni kuwashawishi mama zao waziokote, wazioshe, wazikate, na kutafuta mahali pa kuuza. Samaki na kasa wadogo wa kuning'iniza funguo walikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza, na WWF ikawa mteja. Biashara ikakua ikahamia Nairobi, ikabadilisha majina hadi ikawa Ocean Sole. Wachongaji wake wengi ni watu waliojifunzia mkono kwenye mpingo na mvule. Hugandisha kandambili kwa gundi hadi zikawe bonge, kisha huchonga kwa kisu kirefu, husugua kwa msasa, huosha. Anatoka twiga mwenye mistari ya rangi kumi. Wapo tembo wa kimo cha tembo, ambao huagizwa na mahoteli na makumbusho ya nje.

Wachongaji hawa wameacha kukata mti, na hilo peke yake si haba, kwa sababu mpingo huchukua miongo mingi kukua. Lakini kinachonivuta kwao ni kwamba kitendawili cha Hindmarch hakiwahusu. Yeye alitengeneza kitu kipya ili watu waache kitu cha zamani. Hapa malighafi ni ule uchafu wenyewe, na kadiri wanavyouza ndivyo ufukwe unavyopungukiwa. Mnunuzi wa twiga anaondoka na kilo kadhaa za takataka na kuzilipia.

Wana shida zao. Soko lao ni watalii na wateja wa ng'ambo, na maradhi ya corona yalipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020 kila fundi wa vinyago wa pwani aliona ukali wake. Kandambili za mchanga wa Kiunga ziko mbali na barabara nzuri, katika eneo ambalo usalama wake umeyumba kwa miaka. Na twiga wa mpira naye siku moja atatupwa.

Mafundi wa Lamu, kusini kidogo, walichukua njia nyingine. Fundi Ali Skanda, ambaye ukoo wake umejenga majahazi kwa vizazi, aliongoza kazi ya kuunda jahazi la mita 9 kwa takriban tani 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Jahazi hilo, lililoitwa Flipflopi, lilishushwa majini Septemba 2018, na Januari iliyofuata likafunga safari kwenda Unguja, mwendo wa karibu kilomita 500, likitia nanga bandari kwa bandari. Jahazi lenyewe haliuzwi. Lakini kutokana nalo watu wa Lamu wamejifunza kuyeyusha plastiki na kuisaga kuwa mbao za samani, vitu ambavyo mtu wa kawaida anaweza kununua bila kusafiri na pasipoti.

Mwaka 2022 Kenya ilipitisha sheria ya usimamizi endelevu wa taka. Ndani yake kuna kanuni kwamba anayetengeneza au kuingiza bidhaa nchini awajibike kwa taka zake hata baada ya kuziuza. Ni kanuni nzuri, na ikisimamiwa itawafikia wenye viwanda vya kandambili vya Nairobi na Mombasa, na waagizaji wanaoshusha makontena bandari ya Kilindini. Kandambili inayotua Kiunga haikupita Kilindini. Haina hati ya forodha wala mwagizaji wa kupelekewa barua, na kiwanda kilichoitengeneza kiko chini ya serikali nyingine ambayo haijaulizwa. Mfuko wa Sainsbury's ulikuwa na kaunta, na kaunta ikaja kupata sheria. Kandambili ile, kwa sasa, ina mama wa Kibajuni mwenye gunia, anayelipwa kwa kilo, na fundi wa Nairobi anayesubiri gunia hilo lifike.